YAH: Singe ya babu imezuiliwa ofisi ya vifurushi

Saidi (Leicester):
Asalaam aleikum ndugu zangu. Shangazi wa Mombasa alinitumia singe ya marehemu babu, aliyekuwa Keya (askari wa King's African Rifles) na kupigana Burma mwaka 1944, nami nilikuwa naingojea niiweke pamoja na nne nilizonazo. Jana nimepata barua kwamba kifurushi kimezuiliwa, kwa kuwa fomu ya forodha CN23 imeandikwa 9706, namba ya vitu vya kale vilivyopita miaka 100, ilhali kitu chenyewe, wanadai, ni cha 1931. Picha waliyoambatisha inaonyesha, pale bapa linapokutana na mpini, taji, GR, 1907, kisha 9 '17 na jina Sanderson; upande wa pili pamegongwa '31. Nimepewa siku 14 kuthibitisha umri wake. Je, nipeleke karatasi gani, na nani wa kuitia saini?

Rehema (Reading):
Pole, kaka. Mimi kasha la bibi lilinikalisha miezi mitatu, na nikalipishwa kodi (VAT) ya asilimia 20 wakati 9706 hutozwa asilimia 5. Waambie tu kwamba imetengenezwa 1907, maana mwaka umeandikwa waziwazi.

Mzee Athumani (Leeds):
Binti yangu, kwa heshima zote, usimpotoshe kijana. 1907 ni mwaka wa kielelezo, yaani wa muundo wa singe, na hugongwa hata kwenye singe zilizotengenezwa miaka mingi baadaye. 9 '17 ndiyo Septemba 1917, na hiyo '31 ni alama ya kutolewa tena ghalani. Mimi nimekusanya singe za Kiingereza tangu nilipohamia huku, na swali la kwanza la kila mgeni ni kama yangu ina ndoano kwenye kikingio, kile chuma cha kukinga mkono. Ndoano iliondolewa mwaka 1913, wengi walikatiwa zao, na siku hizi wapo wanaozichomelea upya ili wauze ghali.

Juma (Milton Keynes):
Ndoano si shida yake. Singe huenda 9307, si 9706. Isitoshe, tangu Agosti 2025 panga za kininja za inchi 14 hadi 24 zimepigwa marufuku, na bapa la 1907 lina inchi 17. Na je, shangazi aliomba kibali cha makumbusho kabla ya kuitoa Kenya?

Mzee Athumani:
Bwana Juma, soma sheria mpaka mwisho. Marufuku hiyo inahusu ncha iliyokatwa kwa mtindo wa tanto (kisu cha Kijapani), jambo ambalo singe hii haina. 9307 ni ya singe ambazo hazijapita miaka 100. Zikishapita huhamia 9706. Na sheria ya Kenya ya 2006 inahesabu kale kuwa ni kabla ya 1895, kwa hiyo kitu kimoja ni cha kale Uingereza na si cha kale Mombasa.

Rehema:
Samahani, Mzee, nimekosea. Ila mmenikumbusha babu yangu wa Tanga, naye Keya, aliyerudi na ile singe fupi iliyo kama msumari. Aliisimika nyuma ya jiko ikawa kifuo, tukafulia nazi mpaka ncha ikapinda. Huo ndio ulikuwa urithi wake, maana mshahara wake haukukaribia ule wa Mwingereza wa cheo kilekile.

Mzee Athumani:
Kufulia nazi! Moyo umeniuma, ingawa hao wazee walistahili zaidi ya kifuo. Saidi, ikifika usiisugue kwa msasa, kwani weusi wa chuma ukishaondoka haurudi. Ifute kwa mafuta mepesi, na mbao za mpini uzipake mafuta ya kitani.

Juma:
Hakuna aliyeuliza babu aliwezaje kuondoka jeshini na mali ya Mfalme?

Saidi:
Hilo, Bwana Juma, tumwachie marehemu. Nimenukuu maelezo ya Mzee kuhusu 9 '17, lakini ofisi imejibu kwamba maelezo yangu mwenyewe hayatoshi na kwamba lazima yawe na saini. Zimebaki siku tisa. Saini ya nani?