Programu mbili za kujaribu mikakati ya biashara zinanipa majibu mawili: nipimeje kasi na usahihi wake?

Muuliza swali

Ndugu wanajukwaa, salamu. Ninafanya biashara ya fedha za kigeni, na kabla ya kuweka pesa yangu kwenye mkakati wowote huupitisha kwanza kwenye bei za miaka iliyopita. Kwa sasa ninazo programu mbili. Ya kwanza niliiandika mwenyewe kwa Python, lugha ya kuandikia programu, nayo hukokotoa safu nzima ya bei kwa mkupuo mmoja. Ya pili husoma mshumaa mmoja baada ya mwingine (mshumaa ni alama ya muda mmoja sokoni, yenye bei ya kufungulia, ya juu, ya chini na ya kufungia), kama soko lenyewe linavyokwenda. Nimezipa zote mkakati uleule wa wastani mbili zinazokatana (wastani wa bei za muda mfupi na wa muda mrefu; zikikatana, unanunua au unauza), kwenye euro kwa dola ya Marekani, mishumaa ya dakika moja ya miaka 5, ambayo ni karibu milioni 1.8. Ya kwanza ilimaliza kwa sekunde 9 na kunionyesha faida ya asilimia 31, ilhali ya pili ilichukua dakika 4 na kunionyesha hasara ya asilimia 6. Niamini ipi, na hiyo kasi niipimeje ikiwa majibu yenyewe hayafanani?

Jibu la kwanza

Mkuu, weka saa kando kwanza. Kasi ya programu mbili hulinganishwa pale tu zinapofanya kazi ileile, na ni dhahiri kwamba zako hazifanyi.

Chukua daftari, tunga mishumaa 12 ya kubuni, kisha fanya biashara hizo kwa mkono: umenunua kwa bei gani, umeuza kwa bei gani, umekatwa kiasi gani cha gharama. Ukishapata jibu lako, zipe programu zote mbili mishumaa hiyohiyo na ulinganishe muamala kwa muamala, usilinganishe faida ya mwisho peke yake, kwa sababu makosa mawili yanaweza kufutana na jumla ikaonekana sawa.

Ninashuku programu yako ya mkupuo inatazama kesho. Wastani hukamilika mshumaa unapofungwa; ikiwa programu inanunua kwa bei iliyokuwapo kabla ya mshumaa huo kufungwa, imetumia habari ambayo wewe, ukiwa mbele ya soko, usingekuwa nayo. Kipimo chake ni rahisi: endesha jaribio kwa data yote, kisha likate katikati na uliendeshe tena. Ishara zote za kununua au kuuza za kabla ya mahali ulipokata zinapaswa kubaki vilevile. Hata moja ikibadilika, programu inachungulia mbele, na faida inayokuonyesha haipo.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila naongeza jambo ambalo kipimo cha kukata data hakiligundui. Tuseme umenunua kwa 100, ukaweka agizo la kukata hasara kwenye 98 na la kuchukua faida kwenye 104. Unakuja mshumaa uliofunguka 101, ukapanda hadi 104.5, ukashuka hadi 97.5, ukafungwa 103. Je, bei ilianza kupanda au kushuka? Mshumaa hausemi. Programu moja itaandika faida ya 4, nyingine hasara ya 2, na zote hazijavunja kanuni yoyote. Ndiyo maana MetaTrader 5, programu ya kufanyia biashara na kujaribu mikakati, ina njia kadhaa za kuigiza bei, kuanzia ile inayotumia bei za kufungulia pekee, ambayo ni ya haraka sana, hadi ile inayotumia tiki halisi, yaani kila badiliko la bei lililorekodiwa sokoni, ambayo ni nzito. Kama huna tiki halisi, iamuru programu ichukue upande wa hasara kila inapokutana na utata huo.

Pia ijaribu siku ngumu. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kuilinda bei ya faranga 1.20 kwa euro, na katika muda wa dakika chache euro ilikuwa imeshuka chini ya faranga 1. Programu inayokuambia kwamba agizo lako la kuuza kwenye 1.1990 lilitekelezwa kwa 1.1990 siku ile inakupa bei ambayo sokoni haikuwapo.

Jibu la tatu

Kuhusu saa: tenganisha muda wa kusoma faili na muda wa kukokotoa, kwa sababu mara nyingi kinachochelewesha ni diski. Usihesabu mzunguko wa kwanza. Endesha mara 10 na uchukue muda wa katikati, kompyuta ikiwa kwenye umeme na bila kazi nyingine. Kisha ongeza data mara mbili. Muda ukiongezeka mara mbili, ni sawa. Ukiongezeka mara nne, kuna mahali ambapo programu inanakili jedwali zima upya kila inapoongeza mstari, na hapo hata kompyuta mpya haitakusaidia sana.

Muuliza swali

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimefanya hesabu ya daftari, na kosa limejitokeza kwenye mshumaa wa 7: mimi nilinunua kwa 1.1023, bei ya kufungulia mshumaa unaofuata, lakini programu yangu iliandika 1.1020, bei ya kufungulia mshumaa uleule uliotoa ishara. Aidha, haikuwa ikikata tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza. Baada ya kurekebisha yote mawili, ile faida ya asilimia 31 imegeuka hasara, na programu zote zinalingana na daftari hadi senti. Kwenye miaka 5 bado zinatofautiana kwa dola chache. Nimefuatilia na kukuta kwamba moja hufunga muamala uliobaki wazi data inapokwisha, nyingine huuacha. Kesho nitazipima kasi upya, muda wa kusoma faili ukiwa pembeni.