Zamu ya kulaza wagonjwa mnaigawaje?

Wakuu, tuko timu nne, kila timu inapokea wagonjwa wapya siku moja kati ya nne, yaani zamu ikifika ni masaa 24 mfululizo na asubuhi intani (daktari mpya aliye mafunzoni) hajui tena mgonjwa nani ni nani. Nyie mnafanyaje?

Jibu 1: Pole sana. Sisi timu ya mchana inafunga kupokea jioni, usiku kuna timu yake, asubuhi wagonjwa wanagawanywa. Hatari iko kwenye makabidhiano, majibu ya damu yanasahaulika, andikeni jamani.

Jibu 2: Masaa nayo muyahesabu. Marekani tangu 2003 kikomo kwa madaktari walio mafunzoni ni masaa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki 4.

Muulizaji: Asanteni, kesho namfuata daktari bingwa wetu.