Usukani wa kati au wa pembeni kwenye boti ya faiba futi 23? Na kioo cha mbele kiwe cha aina gani

Mwana wa Shangani

Habari za saa hizi wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Nipo Mtwara mjini, nina boti ya faiba futi 23, upana wa ndani kama futi tano na nusu, niliinunua mwaka jana kwa mtu, ina Yamaha 40 ya mkono, yani nahodha anakaa nyuma kabisa kwenye tezi anashika mkono wa mashine. Kazi zetu mbili, usiku tunatega jarife (wavu mkubwa), na msimu wa nguru ukifika tunarambaza, yani tunakokota mishipi boti ikitembea, kutoka Msimbati kwenda nje.

Shida ni upepo wa kusi. Ukitoka hapa kwenda Msimbati unaelekea kusini mashariki na kusi ndo linakotokea huko huko, kwa hiyo njia nzima rasharasha la chumvi linakupiga usoni, ukifika macho mekundu huoni hata boya. Nahodha wangu ni mjomba wangu, ana miaka 58, na mgongo unamuuma kwa kukaa amejipinda upande mmoja saa nne saa tano kila siku. Hajawahi kulalamika ila namuona akishuka anavyojishika kiuno, roho inaniuma. Nimeamua kununua rimoti (kile kishikio cha gea na mwendo wa mashine) na staringi nimtoe pale nyuma asimame kama nahodha.

Sasa fundi mmoja amenipa mpango wa konsoli mbili (vile visanduku vya kusimamishia usukani), kulia na kushoto, na kioo kirefu kinachokata boti nzima chenye kimlango katikati, kama boti za watalii. Inapendeza kwa kweli. Wengine wananiambia weka usukani wa kati, wengine wa pembeni. Na kioo chenyewe kiwe plastiki gani, kirefu kiasi gani? Nisaidieni kabla sijatoa hela, nikishakata faiba hakuna kurudi. Naomba kuwasilisha.

Fundi faiba, Lindi

Kaka kabla ya kioo, jarife mnalivutia upande gani, na mkivuta mnasimama watu wangapi? Hilo ndo linaamua konsoli ikae wapi, vingine vyote vinafuata.

Mwana wa Shangani

Kushoto mkuu, kuanzia katikati kwenda omo (mbele), watu watatu, wa nne ni mjomba anashika mashine.

Fundi faiba, Lindi

Haya sasa tuongee. Futi tano na nusu ni kama sentimita 165. Konsoli ambayo mtu mzima atasimama nyuma yake akapata kinga inataka upana wa 65 hivi. Ukiiweka katikati inabaki 50 huku na 50 huku. Mtu mkavu asiye na kitu mkononi atapita, ila mtu aliyebeba beseni la samaki usiku, boti inakwenda mrama, hapiti, atapanda juu ya ukingo na hapo ndo watu wanadondoka. Usukani wa kati ni mzuri sana, uzito unakaa sawa na unazunguka boti nzima na mshipi wako, ila unataka boti pana. Yako nyembamba.

Ukiisogeza hiyo konsoli ikagusa ukuta wa kulia, ile nafasi yote mita moja inakuwa upande wa kushoto, na ndiko mnakovuta wavu. Kulia kuna sababu nyingine mbili. Ya kwanza, mashine nyingi za nje zikiwa moja moja propela inazunguka kwa mshale wa saa ukiitazama kutoka nyuma, na boti inajibu kwa kulalia kushoto kidogo, nahodha akisimama kulia anaisawazisha. Ya pili ni sheria ya bahari ya mwaka 1972 ya kuzuia kugongana, vyombo viwili vya mashine vikikatizana wewe ndo unampisha aliye kulia kwako, kwa hiyo jicho la nahodha likiwa kulia linamuona mapema yule anayetakiwa kumpisha. Alafu betri na dumu la petroli yapeleke kushoto chini ya benchi, la sivyo boti ikisimama italalia kulia.

Mbele-nyuma usiipeleke mbele sana. Omo ndo inayopiga, na mgongo wa mjomba wako ndo sababu ya kazi hii yote. Iweke nyuma ya katikati kidogo, mtikisiko unapungua sana huko, na anabaki karibu na mashine ikileta shida.

Mama wa boti mbili, Kilwa

Mwanangu hiyo konsoli mbili na kioo cha kukata boti nzima usithubutu kama unatega wavu. Mimi nilitengenezewa hivyo hivyo na fundi ambaye aliniambia ndo ya kisasa. Nikaipenda, nililipa hela yote. Safari ya tatu tu jarife linaingia ndani, jicho la wavu likashika kwenye bawaba ya kile kimlango, vijana wanavuta mbele boti inakwenda nyuma, ikabidi wakate wavu kwa kisu. Nikafunga bawaba kwa mpira wa tairi, ikashika kwenye vichwa vya skrubu. Kila kilichochomoza kilikua na wavu wake.

Alafu kitu ambacho hakuna aliyeniambia, watu wanakishika. Wimbi likija kijana anadaka kilicho karibu, na kilicho karibu ni kioo. Siku moja baharia wangu aliyumba akakidaka kwa juu, kikapasuka kuanzia kwenye tundu la skrubu mpaka ukingoni, ufa kama mstari wa rula, na kiganja chake kikachanika. Alishonwa nyuzi sita. Nilikaa naye zahanati mpaka akamaliza na siku hiyo hiyo nikatoa kioo chote. Kwa hiyo weka bomba la stainless la kushika, lizunguke konsoli, lifungwe kwenye faiba yenyewe sio kwenye kioo, na liwe juu kuliko kioo ili mkono ulikute bomba kwanza. Hilo usiliache hata hela ikiwa ndogo, bora upunguze kioo.

Mzee wa Mikindani

Mjukuu wangu marahaba. Mimi nimeanza na dau la tanga, nimemalizia na faiba, na kioo nimekitumia miaka minne. Nikwambie la urefu wa kioo kwa sababu ndilo lililotaka kuniua.

Changu kilikatwa kwa macho, fundi alinitazama nikiwa nimesimama ufukweni akaweka alama. Ukingo wa juu ukaja sawasawa na jicho langu. Mchana hukisikii, unainama kidogo au unajinyoosha kidogo maisha yanakwenda. Usiku nikawa naingia kutoka nje, maji yanajaa, hakuna mwezi, ule ukingo una chumvi imekauka nyeupe, na mbele kuna ngalawa haina taa imetulia inavua kwa mshipi. Ile ngalawa ilikua nyuma ya ule ukingo, upana wa vidole viwili tu, imekaa humo muda wote. Sikuiona. Niliisikia, mtu alikohoa. Nilirudisha gea nikapita mbele yake nikamuona yule bwana usoni, ameshika mshipi mkononi hajauachia. Nilizima mashine nikamuomba radhi, mikono yangu inatetemeka.

Kwa hiyo jicho lipite juu ya kioo, au lipite katikati ya kioo, lisipite penye ukingo. Na mashine ikishika mwendo omo inanyanyuka, kipimo cha ufukweni kinakua uongo, lazima upime boti ikikimbia. Mimi nashauri kipite chini ya kidevu ili nahodha akisimama aone kwa jicho tupu. Usiku upepo ukigeuka unausikia shavuni kwanza kabla ya maji hayajageuka, na mtu aliye gizani utamsikia kabla hujamuona, usijifungie ndani ya kioo ukakosa hivyo viwili.

Mwana wa Shangani

Mzee hapo umenitoa jasho. Asante sana, na wewe mama pole kwa yaliyomkuta kijana wako. Fundi sasa plastiki gani? Hapa mjini nimepata mtu ana akriliki na mwingine anasema polikaboneti ndo haipasuki hata kwa nyundo.

Fundi faiba, Lindi

Wote wawili wanasema kweli, ila jua la kwetu halijasema bado. Polikaboneti kweli haipasuki kirahisi, ila ni laini, inakwaruzika hata kwa kitambaa chenye chumvi, na ile ya kawaida isiyo na kinga ya jua inageuka njano, na petroli ikiirukia inafanya ukungu na vijufa. Akriliki (wengine wanaiita Perspex) ni ngumu, haikwaruziki upesi, inavumilia jua miaka mingi, ubaya wake ndo huo wa mama, ikipigwa au ikikazwa vibaya inapasuka. Kwa kioo kifupi chenye bomba la kushika mbele yake mimi nachukua akriliki, milimita 8. Kioo cha gari achana nacho, kizito, na kupata cha kukaa sawa hapo ni bahati.

Ule ufa wa kwenye skrubu mara nyingi ni kosa la kutoboa. Akriliki inatanuka na joto, kipande cha mita moja kikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri mpaka jua la saa nane kinaweza kuongezeka karibu milimita mbili. Tundu likiwa sawa na boliti hakuna pa kwenda, inajipasua yenyewe. Toboa tundu kubwa kuliko boliti kwa milimita mbili tatu, drili iende polepole, chini weka ubao usioteleza, kila boliti iwe na washa ya mpira huku na huku, na kaza kwa mkono mpaka mpira ubonyee tu basi. Ukingo upige msasa laini mpaka kidole kisikwame, kwa sababu ufa unaanzia kwenye kimkwaruzo.

Rangi usiweke, nyeusi inapendeza mchana usiku inakupofua. Juu ya konsoli chini ya kioo ndo upake nyeusi isiyong'aa, gelikoti nyeupe (ile rangi ya juu ya faiba) inarudisha jua kwenye kioo, na taa ya jipiesi inarudi vilevile usiku. Kusafisha ni maji mengi yasiyo ya bahari kwanza yatoe chumvi, alafu sabuni ya vyombo na kitambaa laini. Usiguse kwa petroli wala tina wala ile dawa ya vioo vya nyumbani yenye amonia.

Baharia kijana

Naongeza mawili tu. Akitoka kwenye mkono wa mashine kwenda staringi ile kamba ya kuzimia mashine watu huiacha kwa sababu hainogi kuvaa ukiwa umesimama, rimoti mpya inakuja na yake, avae. Na dira isikae karibu na spika ya redio, sumaku inaidanganya, iache kama nusu mita au zaidi. Na boti ukishaibadilisha waambie watu wa TASAC (shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini) kabla ya ukaguzi, usisubiri waikute.

Mwana wa Shangani

Wakuu nimerudi, zimepita wiki mbili. Sikukata kitu. Nilichukua maboksi ya samaki na plaiwudi chakavu nikatengeneza konsoli ya uongo upande wa kulia, nikafunga kwa kamba, nikasimamisha fito mbili na kuvuta uzi mwekundu juu yake ndo uwe ukingo wa kioo. Tukaenda mpaka karibu na Msimbati na kurudi, mjomba amesimama nyuma yake, mimi nimeshika mashine nyuma.

Jicho lake akisimama lipo sentimita 152 kutoka sakafuni. Akikaa kwenye boksi la barafu lipo 120. Uzi tulianza nao 148 akasema ukishika mwendo unamkata kabisa, kama alivyosema mzee. Tukashusha mara tatu, tukaishia 137, akisimama anaona juu yake vizuri, akikaa anaona katikati ya kioo, ukingo haumgusi popote. Vijana wakavuta jarife upande wa kushoto, mara moja tu wavu ukagusa kona ya plaiwudi, hiyo kona itaviringwa.

Bomba la kushika limeshakatwa, lipo 145, kwenye jicho lake linakaa chini kwa vidole vinne, nimemuuliza mara mbili kama linamzuia akasema hapana. Konsoli mbili nimeachana nazo, fundi wa kwanza nimemwambia kwa adabu. Boksi la barafu mjomba amelikalia njia nzima ya kurudi, mgongo ameuegemeza kwenye ubao, na tulipofika alishuka mwenyewe akaanza kuvuta kamba ya nanga.

Fundi wa Lindi, ukipata nafasi ya kuja huku nitumie ujumbe, akriliki nimeshanunua, ipo ndani imefungwa blanketi.