Tupeane uzoefu: Ulijuaje kwamba pikipiki kubwa uliyonayo inakufaa?

Mleta mada, Dodoma mjini

Ndugu zangu, ninaomba tupeane uzoefu juu ya kuchagua pikipiki yenye nguvu inayoendana na mwendeshaji mwenyewe. Hapa Dodoma ninawaona wenzetu wanaotoka kwenye Boxer ya cc 150, yenye nguvu za farasi kama 12, na kuruka moja kwa moja hadi Honda Africa Twin ya cc 1,084 yenye nguvu za farasi zipatazo 100, huku swali pekee waliloliuliza dukani likiwa ni la mwendo. Nguvu haiji peke yake. Africa Twin hiyo ikijazwa mafuta ina uzito wa kilo 226 hivi, na siti yake iko milimita 850 kutoka ardhini. Mzigo huo ni wako kila unapoegesha karibu na soko la Majengo au unapogeuza kichochoroni.

Tafadhali utaje kimo chako na njia unazopita, kwa sababu bila hayo ushauri wako hautamsaidia mwingine.

Mchangiaji wa Mpwapwa

Mimi ni mwanamke mwenye kimo cha sentimita 158, ni afisa ugani wa mifugo, na njia zangu nyingi ni za vumbi zinazokatizwa na makorongo ya mchanga. Kwa niliyoyaona, pikipiki haimshindi mtu ikiwa kwenye mwendo. Inamshinda pale gurudumu la mbele linapozama mchangani na injini ikazima, naye akashusha mguu kutafuta ardhi ambayo nayo inadidimia. Nyepesi utaiinua mwenyewe. Ile ya kilo mia mbili na ushee itabidi umngoje mpita njia, na katika baadhi ya njia zangu mpita njia ni wa kungojwa hadi jioni.

Ninatumia Yamaha AG 200. Cheni yake imefunikwa kwa kava kuanzia mbele hadi nyuma, hivyo mchanga hauisagi, na ina stendi pande zote mbili, jambo ambalo mtu halithamini hadi aegeshe kwenye mteremko akiwa na boksi la chanjo nyuma. Nguvu yake inatoka mapema, injini ikiwa bado inazunguka taratibu, na hiyo ndiyo inayonitoa korongoni.

Mchangiaji wa Kizota

Ninakubaliana na dada wa Mpwapwa kwa njia zake, ila zangu ni za lami. Nina kimo cha sentimita 185, na mara nyingi ninasafiri na mke wangu kwenda Morogoro, au Iringa kwa kupitia Mtera. Kwetu sisi nguvu ni usalama. Fikirieni trela linalokwenda kilomita 60 kwa saa: ukihesabu urefu wake, nafasi unayoiacha kabla ya kutoka na ile unayoihitaji kabla ya kurudi upande wako, unatakiwa kulizidi kwa mita 60 hivi. Pikipiki ndogo iliyopakia watu wawili, ambayo ikifika 80 haina ziada, itakuweka upande wa magari yanayokuja kwa sekunde karibu 11. Ukiweza kufika 100, sekunde hizo zinakuwa tano na nusu.

Ndiyo maana nilichukua Honda CB500X, yenye nguvu za farasi 47 na uzito usiofika kilo 200. Mke wangu anapopanda, ninakaza kwanza springi ya shokapu ya nyuma, kwa kuwa nyuma ikilala sana mbele panakuwa pepesi na usukani unapoteza uthabiti.

Fundi wa Chang'ombe

Wateja wangu ninawaomba waijaribu pikipiki kabla ya kuiwasha. Iondoe kwenye stendi, irudishe nyuma kwa miguu ukiwa umeketi, kisha kata usukani hadi mwisho, kushoto na kulia. Ikikulemea hapo dukani, kwenye sakafu iliyosawazishwa, itakulemea zaidi kwenye kokoto. Angalia pia kama vidole vinafika kwenye mkono wa klachi bila kuunyoosha mkono mzima.

Tazameni vilevile nguvu inapatikana wapi. Zile za mbio za cc 600 zenye silinda nne hutoa nguvu yake kamili injini ikizidi mizunguko 10,000 kwa dakika, nanyi mjini mwisho wenu ni kilomita 50 kwa saa. Mtalipia nguvu msiyoigusa. Kwa vumbi letu, ulizeni kwanza kama filta ya hewa inafikika kwa urahisi, maana itasafishwa mara nyingi.

Mchangiaji wa Nkuhungu

Nyongeza fupi: leseni ya daraja A1 haikuruhusu kuzidi cc 125. Ombeni daraja A kabla ya kununua.

Nina swali kwa fundi. Kimo changu ni sentimita 166, kazi yangu ni ya mjini, na mwisho wa wiki ninakwenda shamba. Nimeonyeshwa Yamaha Ténéré 700. Nichukue?

Fundi wa Chang'ombe

Siti yake ni milimita 875, ndugu yangu. Nenda ukiwa umevaa viatu vya safari, uikalie tangi likiwa limejaa. Ukigusa chini kwa ncha za vidole vya mguu mmoja tu, iache. Uliza Royal Enfield Himalayan ya cc 411, ambayo siti yake ni milimita 800. Nayo inakaribia kilo 200, lakini utaishikilia kwa miguu yote miwili.