PGT-A, gredi au taimlapsi: kipi kinasaidia kuchagua kiinitete?

Subira_Yangu: Habari zenu wapendwa, viinitete vyangu vya IVF (mimba ya maabara) vimefika siku ya tano, nimepewa 4AB, 4BB na 3BC, afu kliniki wanataka nijibu haraka kama vipimwe PGT-A, kile kipimo cha kromosomu, au niende na gredi tu. Nina miaka 33. Kuna na hiyo taimlapsi, kamera ya ndani ya inkubeta inayopiga picha viinitete vikikua. Nisaidieni jamani, kichwa kimejaa.

wa_maabara: Pole dada. Hizo gredi ni za mfumo wa Gardner: namba, 1 hadi 6, inaonyesha blastosisti (kiinitete cha kama siku ya tano) imetanuka kiasi gani, herufi ya kwanza ni seli za ndani zitakazokuwa mtoto, ya pili ni za nje zitakazokuwa kondo. Ila ni macho tu, kromosomu hazionekani hapo. Watoto waliotokana na BB wapo wengi tu usiikatie tamaa hiyo 4BB.

Zuhura_T: Mi nina 41 na mimba zimeharibika mara kadhaa, PGT-A siiachi hata iweje. Kwa umri wangu zaidi ya nusu ya viinitete huwa na kasoro za kromosomu, na kupoteza tena ingenimaliza. Kwangu faida ni hiyo.

Kipanga: Zuhura uko sahihi kabisa kwa hali yako, ila Subira wewe ni tofauti. China walichapisha utafiti 2021, wanawake 1,212 wa miaka 20 hadi 37 wenye blastosisti nzuri tatu au zaidi: waliopimwa PGT-A waliojifungua ni 77.2%, ambao viinitete vyao vilichaguliwa kwa sura tu 81.8%. Yaani kupima hakukuwaongezea watoto. Kipimo hakirekebishi kiinitete, kinapanga tu foleni nani atangulie. Taimlapsi nayo utafiti wa TEST wa 2024, watu zaidi ya 1,500, haukuona nyongeza ya watoto.

Subira_Yangu: Na ile ya kupima maji wanamokuzia, bila kugusa kiinitete?

wa_maabara: Naitamani sana ifanikiwe, mana biopsi ya PGT-A inachukua seli kama 5 hadi 10 za upande wa kondo halafu tunahukumu kiinitete kizima kwa hizo. Shida kwenye yale maji kunaelea na DNA ya mama kutoka seli zinazozunguka yai, jibu linaweza kuwa lako wewe na sio la mtoto. Kuchagua kwa kupima DNA ya mitokondria (sehemu za seli zinazotengeneza nishati) nako kulivuma sana, maabara zingine zikarudia hazikupata kitu.

Zuhura_T: Mdogo wangu, ukipima waulize kwanza jibu likija mozaiki, yaani seli zingine sawa zingine zina kasoro, wanafanyaje. Kuna kliniki zinatupa! Na Italia 2015 waliripoti wanawake 18 waliowekewa mozaiki, sita wakazaa watoto wazima.

Subira_Yangu: Hilo la mozaiki hawakunigusia kabisa, kesho naanza nalo. Nikiangalia umri wangu naelekea kuweka 4AB bila kupima, zingine zigandishwe.