Mjadala: Kwenda Mombasa peke yako, NIDA (kitambulisho cha taifa) ingetosha au lazima pasipoti?

Binti wa Tandika
Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao nataka kwenda Mombasa kwa basi, peke yangu, kutembea tu. Pasipoti 150,000, bajeti yote inaishia hapo. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavukiana kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Sisi NIDA ina picha, ina alama za vidole, lakini mpakani haivushi mtu. Nasema Tanzania iruhusu. Mnasemaje? Na anayeijua njia ya Horohoro, mpakani na Kenya, anipe maujanja.

Konda Mstaafu
Mdogo wangu, nani kakwambia lazima pasipoti? Omba hati ya dharura ya safari, 20,000 tu, ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Usingoje wiki ya safari.

Njia ni Chalinze, Segera, Muheza, Tanga, Horohoro. Mpakani ni kituo cha pamoja: muhuri wa kutoka na wa kuingia unagongewa upande wa Kenya, Lungalunga, jengo moja. Atakuja bodaboda, "dada panda nikuvushe fasta." Usipande. Kwenda bila muhuri utaenda, moto utauona siku ya kurudi. Chenji badilisha ya kula na ya nauli tu, na piga hesabu kwa simu yako, siyo kikokotoo chake. Ukipewa noti ya 1,000 ya Kenya ya zamani, rudisha, ilifutwa 2019. Mifuko ya rambo, ile ya plastiki, acha nyumbani, wenzetu walipiga marufuku 2017, kabla yetu. Kadi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, beba, na asikudanganye mtu kwamba imekwisha muda: tangu 2016 chanjo moja ni ya maisha.

Fundi Suti
Mwanamke, peke yake, Mombasa, "kutembea tu." Haya. Zamani mtoto wa kike alikuwa anaaga nyumbani.

Binti wa Tandika
Kaka Fundi, nimeomba ruhusa kwako wapi? Nalipa kodi ya nyumba mwenyewe, nauli nalipa mwenyewe. Wewe ukienda Morogoro unaaga nani?

Fundi Suti
Povu la nini sasa? Nimesema haya. "Haya" ni tusi?

Mama Nasra
Fundi mwanangu, kina mama wa Kariakoo wanapanda ndege peke yao hadi Guangzhou kufuata mzigo, na hilo shati ulilovaa lilikuja kwenye balo la mmoja wao. Tulia.
Binti, mwachie mtu mmoja jina la basi na la gesti. Ukifika usiku usitoke kutafuta gesti kwa miguu, ulizia ndani ya basi kabla hamjafika, tena uliza mama mwenye watoto.

Wakili wa Kijiweni
Turudi kwenye mada. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, kama sikosei kifungu cha 9, inasema nchi zilizokubaliana kutumia vitambulisho vya kielektroniki *zinaweza* kuvitumia. Haimlazimishi mtu. Watatu walikubaliana, sisi hatukuwemo. Na tuna sababu: tunapakana na nchi nane. Ukifungua Horohoro kwa kitambulisho, kesho Mutukula, keshokutwa Rusumo. Nani atajua nani ni nani?

Kinyozi Mbagala
NIDA ipi lakini mnayoiongelea? Mimi nina namba. Kadi naisikia kwa watu. Nimwoneshe Mkenya namba kwenye karatasi ya daftari?

Binti wa Tandika
Wakili, mtu akiwa na nia mbaya atapita Horohoro kupanga foleni? Njia za panya zipo. Anayebanwa ni mimi ninayetaka muhuri.

Wakili wa Kijiweni
Kwa hiyo kwa sababu wezi wanapita dirishani tung'oe mlango.

Mpwani wa Likoni
Karibu sana dadangu, sisi hatuna neno. Ukitoka Lungalunga utapita Ukunda mpaka Likoni. Basi likikwama foleni, shuka uvuke feri kwa miguu, wanaotembea hawalipi, gari ndilo hulipa. Mkoba uweke mbele, na simu usiitoe ukiwa kwenye umati.

Mzalendo Kigamboni
Rudia hapo. Hawalipi?

Mpwani wa Likoni
Hawalipi kaka. Bure.

Mzalendo Kigamboni
Wakuu mmemsikia? Mimi feri ya Kigamboni kila siku 200 kwenda, 200 kurudi, nimesimama na kuku wa watu begani. Mnakumbuka 2012 nauli ilivyotoka 100 ikawa 200? Tukaambiwa asiyetaka apige mbizi! Mombasa wanavuka bure halafu mtu anakuja hapa kulilia pasipoti.

Konda Mstaafu
Bure ya Likoni unaijua wewe? 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri, mama na mtoto wakazama, na kuwaopoa kukachukua siku nyingi. Mia mbili yako ni ya injini.

Mzalendo Kigamboni
Injini ipi? Ile inayozimika katikati ya maji?

Fundi Suti
Si upite darajani? Daraja la Nyerere mtembea kwa miguu halipi.

Mzalendo Kigamboni
Fundi, umewahi kufika Kigamboni au unaiona kwenye ramani? Naishi karibu na feri, nifanye kazi Posta, halafu nizunguke mpaka Kurasini kwa miguu? Na magari tangu 2016 yanalipa. Tozo ilishushwa 2022, haikufutwa. Nitajie daraja jingine Dar linalolipiwa. Tanzanite wanalipa? Wakubwa wa Masaki wanapita bure.

Wakili wa Kijiweni
Lile la Nyerere lina pesa ya mfuko wa jamii, lazima irudi. Usichanganye mambo.

Kinyozi Mbagala
Mfuko wa jamii ni pesa ya nani, Wakili? Si yetu? Yaani tumekopeshana wenyewe halafu tunadaiana wenyewe.

Mama Nasra
Hapo Kinyozi umenena.

Binti wa Tandika
Jamani, niliuliza habari ya NIDA. Hata hivyo nitaomba hati kesho, asante Konda. Mpwani, nikishavuka feri, matatu ya kuingia mjini naipata palepale au natembea?

Mpwani wa Likoni
Palepale dada, ukipanda tu kile kilima utayaona. Uliza nauli kabla hujakaa.

Mzalendo Kigamboni
Wakili, bado hujanijibu ya Tanzanite.