Wauza programu za ofisini, acheni kutuuzia madirisha yasiyopanuka!

Nyundo_Malaba

Wakuu, uzi huu unawahusu wanaotengeneza na kuuza programu za karo, za sacco, za kliniki na za maduka ya jumla hapa Uganda. Tumechoka. Programu inauzwa kwa mamilioni ya shilingi, halafu ukiifungua linatokea dirisha la ukubwa mmoja tu: kitufe cha mraba cha kupanua kimefifia, kingo hazivutiki, na kitufe cha Save kimezama chini ya upau wa kazi (taskbar). Karani anajaza malipo ya mzazi mpaka mstari wa mwisho, kisha hana pa kubofya. Foleni iko nje, mtoto anasubiri risiti aingie darasani.

Msiseme kosa ni la kompyuta. Tupige hesabu. Laptopu zilizokwisha kutumika ambazo zimejaa kwenye ofisi zetu kuanzia Kampala hadi Arua, kwa kawaida zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Upau wa kazi wa Windows 10 unakula pikseli 40, wa Windows 11 unakula 48. Urefu unaobaki ni 728 au 720. Sasa wewe umekaa mbele ya monita ya 1920 kwa 1080, umechora fomu ya urefu wa 800, na kwako yote yanaonekana. Kwa mteja pikseli 72 au 80 za chini zimepotea, na safu ya vitufe mmezoea kuipanga huko huko chini.

Kuna ofisi ambazo zimeweka ukubwa wa maandishi na vitu vyote vya skrini (Scale) kuwa asilimia 125 kwa sababu mhasibu ni mtu mzima na macho yake hayasomi herufi ndogo. Hiyo ni haki yake. Lakini kwa asilimia hiyo fomu uliyoichora kwa urefu wa 640 inakuwa 800, na upau wa kazi nao unanenepa kutoka 40 hadi 50, au kutoka 48 hadi 60 kwenye Windows 11. Hata fomu uliyodhani ni fupi imeshakatwa.

Na zile monita za zamani za inchi 17, zinazokaribia mraba, zenye 1280 kwa 1024? Programu hizo hizo zinaingia bila shida, maana zina urefu wa 1024. Shule ikihama kutoka monita hiyo kwenda kwenye laptopu, ndipo kitufe kinapopotea, na muuzaji anawaambia wanunue mashine nyingine. Wanunue ya nini? Kosa limo ndani ya programu yako.

Kosa lenyewe ni mistari miwili. Kwenye fomu ya Windows Forms, zana ya Microsoft ya kuchora madirisha, umeandika MaximizeBox = False na FormBorderStyle = FixedSingle. Sababu yake inajulikana: kila kisanduku ulikiweka kwa kukiburuta kwa mausi, kikakaa kwa vipimo vya kudumu kutoka kona ya juu kushoto. Dirisha likipanuliwa, visanduku vyote vinabaki vimejikunyata kwenye kona hiyo na upande wa kulia na chini unabaki uwanja mtupu wa kijivu. Ukaona aibu, ukafunga mlango badala ya kupanga nyumba.

Kupanga nyumba si kazi ya wiki. Vitufe vya Save na Cancel vipe Anchor ya Bottom na Right, vitafuata kona ya chini dirisha likikua au likipungua. Jedwali la malipo lipe Dock = Fill, lakini ndani ya paneli yake, si juu ya fomu nzima, la sivyo litafunika visanduku vingine. Visanduku virefu vya majina vipe Anchor ya Top, Left na Right. Fomu yenyewe iwekee AutoScroll = True pamoja na AutoScrollMinSize, ili ikikosa nafasi itoe upau wa kutembeza na mtu akifikie kitufe hata kwenye skrini ndogo kabisa. Baada ya hapo fungua kufuli: Sizable, MaximizeBox = True. Umemaliza.

Kuna balaa la pili, nalo linafanana na kompyuta kuganda. Karani anabofya Futa, programu inafungua kidirisha cha kuuliza "Una uhakika?", lakini kidirisha kinajificha nyuma ya dirisha kubwa. Dirisha kubwa halikubali kubofywa kwa sababu linasubiri jibu. Karani haoni swali lolote, anaona programu imekufa. Anazima mashine kwa kushikilia kitufe cha umeme, na kazi yote ambayo haijahifadhiwa inapotea. Tiba ni neno moja: usiandike ShowDialog() tupu, andika ShowDialog(this), ili kidirisha kijue dirisha linalokimiliki ni lipi na kikae mbele yake. Neno moja! Watu wanapoteza data ya siku nzima kwa neno moja.

Makarani ambao mmekwama leo na muuzaji hapokei simu, fanyeni hivi. Kwanza msizime kitu. Bonyezeni Alt na Tab kuona kama kuna kidirisha kilichojificha. Kama tatizo ni kitufe kilichozama, bofya kisanduku cha mwisho mnachokiona, bonyeza Tab mara moja, halafu Enter au upau wa nafasi. Tahadhari: Tab inafuata mpangilio aliouweka mtengenezaji, na wengine hawakuupanga, kwa hiyo unaweza kutua kwenye Cancel. Jaribuni kwanza na ingizo lisilo na thamani. Kama jina la kitufe lina herufi iliyopigiwa mstari, Alt pamoja na herufi hiyo ni salama zaidi.

Pili, upau wa kazi uambieni ujifiche wenyewe: bofya kulia juu yake, ingia kwenye mipangilio yake, washa ile ya kujificha. Mmerudishiwa pikseli 40 hadi 60. Tatu, kama mwenye macho anaweza kuvumilia, rudisheni ukubwa wa maandishi kuwa asilimia 100 kwenye Settings, System, Display, kisha mtoke na kuingia upya kwenye akaunti. Programu za zamani hazishiki mabadiliko hayo kabla ya hapo. Fomu ikiwa ndefu lakini nyembamba, chini ya pikseli 768 kwa upana, kwenye ukurasa huo huo geuzeni skrini iwe Portrait: sasa mna urefu wa 1366. Kwa monita ya mezani inayosimama wima, hii inafaa. Kwa laptopu ni mateso ya shingo, lakini Save itaonekana.

Katunda256

Ssebo, mimi ni wa upande unaoulaumu na sehemu kubwa nakubali. Lakini usiwachanganye watu: si kila dirisha linastahili kupanuliwa. Kidirisha cha nywila, cha kuthibitisha, cha kuchagua tarehe, hivyo kuvifunga ni sahihi, maana havina cha kuongeza vikipanuliwa. Dirisha la kazi, lenye jedwali au fomu ndefu, ndilo halipaswi kufungwa kamwe.

Niongeze mambo mawili ambayo wenzangu wanakosea wakijaribu kurekebisha. Fomu yenye visanduku 30 usihangaike na Anchor ya kimoja kimoja, tumia TableLayoutPanel: safu ya majina ya visanduku iwe AutoSize, safu ya visanduku vyenyewe iwe asilimia 100. Na wale wanaotaka programu ionekane ya kisasa, wanaondoa upau wa juu kabisa kwa FormBorderStyle = None, halafu wanapanua. Dirisha la namna hiyo likipanuliwa linafunika hadi upau wa kazi, mtu haoni saa wala programu nyingine. Ukilazimika, iwekee MaximizedBounds ya WorkingArea ya skrini husika, yaani eneo la skrini bila upau wa kazi. Bora usiondoe upau huo. Watu wamezoea kuubofya mara mbili ili dirisha lijae, na kuubofya tena mara mbili ili lirudi.

Mimi huweka pia MinimumSize ya 1024 kwa 600 ili fomu isibanwe kupita kiasi.

Mama_Kaunta

Kaka Katunda, hiyo 1024 yako ndiyo inayotutesa sisi. Kazi ya kaunta ni kulinganisha: upande mmoja taarifa ya benki, upande wa pili programu ya sacco. Windows na mshale wa kushoto kwa hili, Windows na mshale wa kulia kwa lile, nusu kwa nusu. Nusu ya 1366 ni 683. Dirisha lililokatazwa kushuka chini ya 1024 linapitiliza na kufunika karibu nusu ya jirani yake. Na lile lililofungwa kabisa halibadiliki ukubwa hata ubonyeze mara kumi. Matokeo yake ni kunakili namba za akaunti kwenye karatasi na kuziingiza upya, na hapo ndipo tarakimu zinapogeuka. Mtu wa 4517 anawekewa pesa za 4571.

Wenye Excel 2010 nao wajue kwa nini vitabu viwili havikubali kugawana skrini: toleo hilo linafungua vitabu vyote ndani ya dirisha moja. Tangu Excel 2013 kila kitabu kina dirisha lake. Kwenye 2010 tumia View, kisha Arrange All, uchague Vertical. Na utepe wa juu unaokula nafasi ya safu kadhaa unafungwa kwa Ctrl na F1.

Katunda256

Mama, nimekubali. Nashusha iwe 640 na AutoScroll ibebe zilizobaki. Hilo la nusu sikulipigia hesabu.

Bursa_Mbale

Wakuu, programu yetu ya karo ilioneshwa kwenye projekta mbele ya bodi. Projekta imechomolewa, sasa ukiifungua ikoni inaonekana chini kwenye upau wa kazi lakini dirisha halipo popote. Muuzaji anasema iwekwe upya na anataka malipo ya safari.

Nyundo_Malaba

Mzee, usilipe chochote, na usikubali iwekwe upya, kwa sababu haijaharibika. Programu ilihifadhi mahali dirisha lilipokuwa, yaani kwenye skrini ya pili, na ikifunguliwa inarudi pale pale bila kuuliza kama skrini hiyo bado ipo.

Bofya ikoni yake kwenye upau wa kazi mara moja ili iwe ndiyo inayotumika. Bonyeza Alt na upau wa nafasi. Menyu ndogo ikitokea, hata pembeni kabisa, bonyeza M, yaani Move. Menyu isipotokea, shikilia Shift na ubofye kulia ikoni ile ile, utaipata hapo. Neno Move likiwa limefifia, maana yake dirisha limepanuliwa huko liliko: chagua Restore kwanza, halafu urudie. Baada ya M bonyeza mshale wowote mara moja, hapa usiruke, kisha sogeza mausi bila kubofya. Dirisha litakuja limeng'ang'ania kishale. Likifika katikati, bofya. Funga programu kwa njia ya kawaida ikiwa hapo, ili ihifadhi mahali papya.

Na huyo muuzaji mwambie hivi kwa maandishi: kabla ya kurudisha dirisha mahali lilipokuwa, programu ipitie Screen.AllScreens na kuhakikisha mahali hapo pamegusa WorkingArea ya skrini mojawapo. Pasipogusa, dirisha lianzie katikati ya skrini kuu. Ni mistari michache tu. Kutoza shule nauli kwa kosa lake mwenyewe ni dhuluma.

Bursa_Mbale

Limerudi. Ilikuwa imefifia kama ulivyosema, Restore ndiyo iliyofungua njia. Asante sana ndugu yangu. Sasa naomba jambo moja: njia ya kuifungua ikiwa imejaa skrini kila asubuhi, bila karani kupanua.

Nyundo_Malaba

Bofya kulia njia ya mkato, Properties, kwenye mstari wa Run chagua Maximized. Ila amri hiyo huliangukia dirisha la kwanza kufunguka, na programu nyingi za karo huanza na la nywila, kwa hiyo dirisha kuu linaweza lisiipate kabisa. Ikitokea hivyo, mfundishe karani Windows na mshale wa juu. Ni sekunde moja.

Kwa bodi, sacco na kliniki ambazo bado hazijalipa salio: msisaini mpaka muuzaji ameketi kwenye mashine yenu, si kwenye yake. Skrini iwe 1366 kwa 768, maandishi asilimia 125, upau wa kazi uonekane. Afungue kila fomu ya kuingiza data, abofye Save kwa mausi. Alivute dirisha kuu kwa nusu ya kushoto na nusu ya kulia. Achomeke projekta, apeleke dirisha huko kwa Windows, Shift na mshale, afunge programu, achomoe, afungue tena. Afute rekodi moja ya majaribio na swali la kuthibitisha litokee mbele. Kikishindikana kimoja, salio libaki kwenu mpaka arekebishe, na liandikwe hivyo kwenye mkataba.